Samaki wa Syafril

Kwa miaka tisa Rosnida aling'oa magugumaji ya Ziwa Maninjau kila Jumamosi. Walianza wanakijiji arobaini. Sasa walibaki wanawake sita, wote wazee wenye migongo iliyochoka. Jirani yake Syafril, aliyekuwa na vizimba vingi vya samaki ziwani kuliko mtu yeyote kijijini, alizoea kumtania: "Mama Rosnida, kwani ziwa hili umelizaa wewe?"

"Sikulizaa. Ndilo lililonilea."

Kisha upepo mkali ukavuruga maji, tope la masalio ya chakula cha samaki lililorundikana chini ya vizimba likapanda juu, na asubuhi samaki wote wa Syafril wakaelea, wamekufa. Akakaa ukingoni ameshika tama. Hakuna aliyekuja kumsaidia ila wale sita na ndoo zao.

"Mmekuja kunicheka?" akauliza.

"Nguvu ya kucheka tutaitoa wapi, mwanangu?" Rosnida akasema. "Inuka. Wakiozea humu, tumekwisha sote."

Walizoa mizoga siku tatu, wakaizika. Siku ya nne Syafril akaanza kubomoa vizimba vyake, kimoja baada ya kingine. Rosnida hakushangilia. Alijinyoosha mkekani, akamwomba Mungu Jumamosi ichelewe kidogo.