Moto wa Msafiri

Mimi nilipokuwa binti wa miaka kumi na minne hivi, kwetu Ipole, kaka yangu Maganga alichukuliwa pamoja na mgambo wengine kwenda vita vya Uganda. Wazazi wetu walikwisha kufa, tulilelewa na bibi mzaa baba. Siku ya kuondoka Bibi alimshika mkono akamtania, "Mume wangu, usije ukaniletea mke mwenza wa Kiganda."

Maganga akacheka. "Nitaleta wawili, wakuchotee maji."

Lori lilipoondoka, Bibi aliingia ndani, akawasha moto mpya kando ya ukuta, mbali na mafiga ya kupikia. Baba yake alikuwa mpagazi, amebeba pembe mpaka pwani, na kwao moto wa msafiri haukuzimwa hadi arudi. Huangaliwa na msichana ambaye hajavunja ungo. Akivunja, aseme siku hiyo hiyo, atafutwe mwingine. Akinyamaza akaendelea kuushika, msafiri hafiki.

"Umesikia, Kalunde?"

"Nimesikia, Bibi."

Na tulikuwa watu wa kanisa, Wamoravian. Jumapili tunaimba, tukirudi nachochea moto. Hatukuona ubaya.

Mvua zikakatika, kiangazi kikaingia, wanaume wakaenda porini kurina asali. Redio ya jirani ikasema vita vimekwisha. Tukawa tunasikiliza kila lori. Asubuhi moja nikaona damu kwenye kanga yangu.

Kwa nini sikusema? Kulikuwa na mkulima mmoja wa tumbaku kule Urambo, mtu mzima mwenye wake wawili, alikwisha kutuma mshenga. Bibi alimjibu, "Ngojeni akue." Maganga aliapa kwamba yeye akiwa hai siendi kule. Basi nilitaka anikute nyumbani. Nikafua kanga, nikachochea moto. Nikajiambia, ni siku chache tu, yuko njiani huyo.

Mwezi uliofuata Bibi alinikuta kisimani nafua. Akayatazama maji, akanitazama mimi.

"Tangu lini?"

Niliendelea kufua. Hakunipiga. Alirudi akaumwagia moto maji, akakaa chini na miguu kainyoosha, kama wakaavyo watu msibani. Wiki mbili hazikuisha nikapelekwa Urambo.

Nilirudi kumsalimia nikiwa na mimba, na siku hiyo hiyo akaja askari mmoja, mwenzake Maganga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mume wangu yuko wapi?"

Kijana akainama. "Nilimzika mwenyewe, Bibi. Mvua ilikuwa inanyesha, kaburi likawa linajaa maji, tukatandika majani ya mgomba."

Mvua! Damu yangu ilikuja kiangazi, vumbi tupu. Nikasema, "Bibi, umesikia? Mvua ilikuwa inanyesha. Alikufa kabla!"

Bibi hakunigeukia. "Kule kwao mvua hainaga kiangazi," alisema. "Hunyesha tu."

Nikamwuliza kijana ulikuwa mwezi gani. Akasema, "Dada, kule nani alihesabu miezi?"

Bibi alikufa hajaniita tena kwa jina langu. Mimi sasa ni bibi kumzidi yeye, na nimemwelewa. Aliyemwua Maganga alikuwa mbali, hana jina wala uso. Mimi nilikuwa karibu. Mtu hawezi kukaa na msiba usio na mwenyewe, lazima autue mahali, na nyumba ile nilibaki mimi tu. Simlaumu.

Wajukuu zangu wapo Nzega. Nikienda kuwatembelea, naona malori yanayotoka Uganda yamepumzika pale, madereva wanakunywa chai, watu wapole, wananiamkia vizuri. Ningeweza kumwuliza yeyote kama ni kweli kwao mvua haikatiki. Miaka yote hii, sijauliza.