Maua ya Chokaa

Mjukuu wangu mmoja, msomi, aliniambia juzi kwamba uzuri ni mambo ya walioshiba. Mtu apate kwanza chakula, nguo, dawa na uhuru wake, alisema, halafu ndipo aanze kuhangaika na mapambo. Nilimwacha amalize, maana hiyo ndiyo adabu, kisha nikamwambia hajui anachokisema. Alicheka. Sasa naandika, nione kama karatasi nayo ataichekea.

Habari yenyewe ni ya bibi yangu, mama yake mama, na kaniki aliyopewa mwaka nilioolewa.

Tulikaa Temeke, na Temeke ya wakati ule ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba: mikorosho, minazi, vibanda vya udongo vilivyoezekwa makuti, na njia ya mchanga ambayo baba aliifuata kila alfajiri kwenda kupakua mizigo bandarini. Nyumbani tulikuwa baba, mama, bibi na mimi. Bibi alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye ulimi. Hakutoka nje ya ua bila kujipamba. Hata akienda kisimani alitia wanja, akajifunga kanga yake vizuri, akachomeka asumini nyweleni. Mama alikuwa akimwambia, "Mama, si unakwenda kuteka maji tu?" Naye hujibu, "Kwani nimekuomba ruhusa?"

Ilikuwa miaka ya vita, vile vya pili. Nguo ziliadimika madukani, na hizo chache zilizokuja zilikuwa za mgao. Mtu hakuchagua. Jumbe aliita, ukaenda, ukapewa. Mwaka ule wanawake tulipewa kaniki, nguo nyeusi tii, nzito, isiyo na ua wala mstari. Mama alishukuru, nami nikashukuru. Bibi aliipokea, akaikunja, akaisukuma chini ya kitanda. Aliendelea na kanga yake ya zamani mpaka ikawa matundu matupu, akawa hatoki tena uani.

Na harusi yangu ilikuwa imekaribia. Mchumba wangu alitoka mjini, katika ukoo wa watu waliojihesabu waungwana toka zamani, na shangazi yake, aliyemlea, ndiye aliyeshika mambo yote. Mama alitaka bibi akae mbele, kwenye mkeka wa wakubwa, awapokee wageni. Bibi alisema hatatokeza. Kanga haikufaa tena, na kaniki havai. Mama alimbembeleza, akachoka. Baba akasema aachwe. Mimi nilikasirika. Nilimfuata chumbani kwake nikamwambia nguo ni nguo, Temeke nzima imevaa kaniki, na kama hataki kuniona nikiolewa aseme wazi.

Hakugomba. Alinikalisha kitandani, akanieleza jambo ambalo hadi siku ile nililijua nusunusu, kwa minong'ono ya majirani. Aliletwa pwani kutoka bara ya kusini akiwa mtoto, akauzwa, akakulia katika nyumba ya watu mpaka akawa mtu mzima. Walimlisha, alisema, kwa chakula hawakuwa wabaya. Walimvika pia, kaniki moja, na ikichakaa, nyingine. Lakini viatu hakuruhusiwa, wala kujifunika kichwa, wala kutia ua.

"Na kazi yangu ilikuwa nini?" aliniuliza. "Kutunga asumini. Kila alasiri nachuma, natunga, nampamba binti yao. Wanawake wa mtaa mzima wakija kuutazama mkono wangu. Siku moja likabaki ua moja, nikalitia sikioni. Binti akaniona."

"Akakupiga?"

"Angenipiga ningesahau. Alicheka. Akawaita wenzake, akawaambia, tazameni, leo na punda naye ni bibi harusi."

Kisha akasema, "Waingereza walipotangaza kwamba utumwa umekwisha, watu waliulizana wafanye nini, waende wapi. Mie nilikwenda dukani nikanunua kanga."

Maneno hayo nimeyafikiri maisha yangu yote, nikipika, nikifua, na hata msikitini, Mungu anisamehe. Kila chenye faida mtumwa alipewa. Alipewa chakula, kwa sababu mwenye njaa halimi. Alipewa nguo, kwa sababu mtu aliye uchi huiaibisha nyumba. Hata dawa alipewa akiugua, kwa kuwa maiti hafanyi kazi. Alichonyimwa ni kile kisichomfaa mtu mwingine yeyote. Ua moja sikioni halichoti maji, halitwangi, halipiki. Linasema tu kwamba mwenye sikio hili ana jambo lake analolipenda, na hakutumwa. Mabwana wale walilielewa jambo hilo vizuri kuliko mjukuu wangu, ndiyo maana wakalikataza.

Tena kuna lililo gumu zaidi. Zile asumini alizomtungia binti wa watu zilikuwa nzuri, na mkono uliozitunga ulikuwa mkono wake. Lakini aliniambia hakuwahi kuziona. Alizitunga huku macho yakiwa mlangoni, akisikiliza ataitwa saa ngapi. Watu wote waliuona uzuri ule isipokuwa yeye aliyeufanya. Nikilikumbuka hilo huwa nasikia uchungu kuliko ile habari ya punda.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta uani na kisu. Alikuwa amekata kipande cha muhogo mbichi, anakichonga uso wake mpaka likatokea ua. Akachanganya chokaa na uji mzito wa muhogo ikawa rojo. Kaniki aliitandaza mkekani, akachovya ule muhogo, akaugandamiza juu ya nguo. Alipouinua palibaki ua jeupe juu ya weusi ule. Akachovya tena.

Muhogo wakati ule ndio uliotuweka hai. Mama alipouona umepakwa chokaa, hauliki tena, karibu alie. "Mama, hicho ni chakula," alisema.

"Ni sehemu yangu hiyo," bibi akamjibu, hakuinua kichwa. "Leo msinipakulie."

Na kweli jioni ile hakula. Alikaa karibu na nguo yake ikikauka, anaitazama, anainamisha kichwa upande huu na upande ule. Maua hayakulingana. Mengine yalilala, mengine yalipandana. Sijapata kuona nguo nzuri kuliko ile, na sisemi hivi kwa sababu alikuwa bibi yangu.

Mama naye alitaka kuyamaliza maneno yale baina yao. Asubuhi ya harusi aliichukua ile kaniki kimyakimya akaifukiza udi, kama zifukizwavyo nguo zote za harusi, akaitandaza juu ya tenga na chetezo cha makaa chini yake. Kwa nguo nyingine ingekuwa hisani kubwa. Lakini joto liliukausha ule uji kupita kiasi, na chokaa ikalegea ikawa vumbi juu ya nguo. Hakuna aliyelijua hilo. Bibi alijifunga, akanukia, akaenda kukaa mkekani.

Mimi nilikuwa ndani, nimefunikwa, lakini pazia lilikuwa na tundu na nililitumia. Wanawake waliingia wote wamevaa weusi. Ungedhani wamekuja matangani. Kila mmoja aliinama kumkumbatia bibi, na kila aliyeinuka aliinuka na maua: huyu begani, yule kifuani, mwingine shavuni. Mama alipogundua alijiziba kinywa kwa mkono. Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka, kisha hakujipangusa. Alirudi kwa bibi akamkumbatia kwa upande wa pili, ili apate na huko. Wengine wakamfuata. Muda si muda uani pakawa hapana aliyevaa nguo nyeusi tupu.

Isipokuwa shangazi wa mume wangu. Yeye alipofika alimpa bibi mkono tu, kwa ncha za vidole, akaenda kukaa. Akawa ndiye mwenye kaniki tupu peke yake katikati ya watu. Alitazama huku, akatazama kule, akajitazama. Hatimaye akamwita bibi toka pale alipo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutuma: "Wewe, ukishakula nipigie maua na kaniki yangu."

Kila mtu pale alijua bibi alikuwa nani zamani, na shangazi alikuwa wa nyumba za namna gani. Bibi akikataa, shangazi huyu angeweza kuniharibia ndoa kabla haijaanza. Akikubali, amerudi kulekule alikotoka, anapamba kwa kuamriwa, mbele ya macho yetu sote. Nilimwogopea, na kusema kweli nilijiogopea pia.

Bibi alimaliza kutafuna tambuu iliyokuwa kinywani mwake. "Leo nimekuja harusini, kama wewe," alisema. "Njoo kesho. N'tapiga nikipenda."

Shangazi alimtazama sana. Sinia za wali zikaletwa, watu wakaanza kusogea na kunawa mikono, na harusi ikaendelea.

Kwa desturi yetu mume huja kukaa fungate nyumbani kwa mke, kwa hiyo siku ya pili nilikuwa bado chumbani mle mle. Alasiri nilisikia viatu vikija uani, vikasimama. Kisha sauti ya shangazi: "Shikamoo."

Mume wangu aliyekuwa akinywa chai aliweka kikombe chini. Shangazi alikuwa mdogo kwa bibi kwa miaka mingi, lakini watu wa kwao hawakuwaamkia hivyo waliowahi kuwa watumwa. Jana yake alipompa vidole vile alisema "hujambo" basi, kama mtu anavyomwamkia mtoto. Bibi hakuitikia upesi. Nilimsikia akimwagia kuku maji, akifunika mtungi.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Kaa. Unataka maua gani?"

Shangazi akasema anataka yale ya jana, ila yawe makubwa kidogo, na yapangwe kwa mistari iliyonyooka.

"Hayo sipigi," bibi akamwambia. "N'takupigia ninayoyapenda mie."

Nilisikia kaniki ikikunjuliwa, ikitandazwa mkekani. "Haya, mama," shangazi alisema, akakaa kitako kumsubiri.