Beki Aliyekaba Mpaka Chooni

Enzi zetu, nyie mliokulia Songea miaka ile ya ruksa mtaniunga mkono, mtoto hakuulizwa jina lake. Aliulizwa, "Wewe wa nani?" Ukishajibu, mtu anajua akupe kipande cha muhogo au akufukuze. Mimi nilikuwa najibu kwa kifua mbele, "Wa Komeo." Basi hata yule mzee mkali wa getini uwanjani, ambaye aliwahi kumzuia padri mzima kwa kukosa tiketi, alikuwa anasogeza mguu nipite.

Komeo alikuwa baba yangu mzazi, namba tano wa timu ya shirika lililokuwa likinunua tumbaku. Kwenye karatasi za shirika aliandikwa karani wa ghala, ila sijakutana na mtu aliyewahi kumwona baba ameshika kalamu. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Hakufunga bao hata moja maisha yake yote, na gazeti likitufikia, tena limeshachoka kwa safari, lilikuwa linaandika waliofunga tu, basi. Lakini watu wa mitaa yetu, Mfaranyaki na Lizaboni, walijua. Mshambuliaji akimkaribia, uwanja mzima unapiga kelele, "Funga!" na baba anafunga kweli. Mpira unaenda huku, mshambuliaji anaenda kule.

Ilikuwa miaka ya vitu kurudi madukani. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni ya mche tukaanza kuona sabuni za kunukia zimepangwa kama mapambo, na mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota. Mimi nilikuwa na koti la mtumba lenye maandishi mgongoni ambayo mwalimu wetu wa Kiingereza alikataa katakata kunitafsiria. Nililivaa hivyohivyo, maana baridi ya Julai ya Songea haina heshima. Asubuhi tunaokota masuku, yale matunda ya porini, tunakula njiani kwenda shule, jioni tunacheza rede na kombolela mpaka mama aite mara tatu. Mara ya nne alikuwa haiti, anakuja mwenyewe. Siku hizi mama anampigia simu mtoto aliye chumba cha pili, na mtoto hapokei.

Sasa, nikiwa darasa la tano, jioni moja kocha alikuja nyumbani na kijana mrefu mwenye begi la kitambaa begani. Kijana akapiga shikamoo kwa baba, kwa mama, kwa bibi wa jirani aliyekuwa anapita, nadhani hata beberu wetu angeamkiwa kama angekuwa karibu.

"Mama Skola," kocha akamwambia mama, "huyu ni Rajabu, ametoka Nakapanya. Atakaa kwenu majuma mawili, Komeo amfundishe. Jumapili ya mechi tutamjaribu. Akifaa, Komeo anapumzika. Asipofaa, tunaendelea na mzee mwenyewe mpaka ligi iishe."

Lile neno "anapumzika" lilinichoma. Nilikuwa na miaka kumi na moja, sikujua mambo ya magoti wala ya umri. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba baba akitoka uwanjani mimi nitakuwa mtoto wa karani wa ghala, na makarani wa ghala mjini walikuwa tele. Nikaapa moyoni kwamba Rajabu hatafaa.

Mama alinisaliti mapema. Sisi ni Wakatoliki wa kufa na kuzikana, na sufuria zetu zilikuwa zimejuana na nguruwe siku nyingi. Basi kesho yake mama akaenda sokoni, akaleta sufuria mpya inayong'aa, akaitundika peke yake. "Hii ni ya Rajabu," akasema. "Sitaki mtoto wa watu akaulizwe mbele za Mungu kwa sababu ya sufuria yangu." Kwetu kupata sufuria mpya ilikuwa mpaka mtu aolewe. Na Rajabu naye alikuwa anapasua kuni bila kutumwa, anachota maji bila kutumwa, na akila anasema, "Alhamdulillahi, mama, umetupa." Mama anatabasamu mpaka jino la dhahabu la nyuma linaonekana. Mimi niliyechota maji miaka yote sikuwahi kuliona hilo jino.

Mafunzo yenyewe baba aliyafanya na beberu. Nyuma ya nyumba tulikuwa na bustani ya mchicha isiyo na uzio. Jioni beberu anafunguliwa, anautaka mchicha, na Rajabu anatakiwa asimame katikati amzuie asifike, bila kumshika na bila kumpiga. Baba amekaa kwenye kigoda anasema, "Usimwangalie pembe, Rajabu. Pembe zinadanganya. Angalia kiuno." Beberu akiyumba kushoto, Rajabu anakwenda kushoto, beberu anapita kulia. Juma la kwanza beberu alinenepa.

Mimi nilikuwa upande wa beberu, sifichi. Mchana kutwa nilimnyima majani ili jioni aje na njaa yenye hasira. Nikifika kumfungua namnong'oneza, "Twende baba." Lakini yule kijana alikuwa na subira ya ajabu. Akianguka anajipangusa, anasema "tena, mzee", na kurudi kati. Ilipofika katikati ya juma la pili, beberu alikuwa akifunguliwa anasimama kwanza, anamtazama Rajabu, anafikiri. Mchicha ukaanza kuota upya. Mama akafurahi, mimi nikakosa usingizi.

Jumamosi ya kuamkia mechi tulikula ugali na dagaa wa Nyasa, na baba, ambaye mezani alikuwa hasemi, siku hiyo akasema.

"Kesho utapewa Radi," alimwambia Rajabu. Radi alikuwa mshambuliaji wa wageni wetu, jina lake lilikuwa limefika Songea kabla ya miguu yake. "Mtu ukishapewa ni wako. Unakaa naye mpaka chooni."

Sisi tukacheka, maana kila mtoto wa mjini alikuwa anaujua huo usemi wa mpira. Rajabu hakucheka. Aliinama akiutafakari kama mtu aliyepewa amri ya serikali. Baadaye nikiwa naosha vyombo, akanifuata uani.

"Samahani, dada Skola," akasema kwa sauti ya chini. "Hivi mzee amesema mpaka chooni. Ni chooni kweli kweli?"

Hapa ndipo nilipomtenda dhambi. Niliyaona macho yake, hayakuwa na ujanja hata chembe, na nikaona mlango wangu umefunguka.

"Kweli kabisa, kaka," nikamjibu huku nasugua sufuria yake. "Baba huwa anasimama mlangoni. Wengi hawajui, ndiyo siri ya kazi."

Akanishukuru. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Jumapili baada ya misa mji wote ulihamia uwanjani. Nilimwona baba amekaa kwenye benchi, jezi yake safi, mikono mapajani, na watu wakawa wanamwita "Komeo, Komeo" kana kwamba amepotea. Mpira ukaanza na Radi akaonyesha kwa nini anaitwa hivyo. Mara ya kwanza alimpita Rajabu wakasikika watu wakisema "aah". Mara ya pili alimpita akafunga. Sisi tukasawazisha kwa kichwa cha bahati, ikawa moja kwa moja, lakini uso wa kocha ulikuwa umeshaharibika. Filimbi ya mapumziko ilipolia nikamsikia akimwambia baba, "Nampa dakika kumi za kipindi cha pili. Akivurunda tena, wewe unaingia." Baba akainama kukaza kamba za viatu. Niliruka kwa furaha nikamkanyaga mama.

Ndipo nikamwona Radi anaondoka peke yake kuelekea choo cha mabati nyuma ya goli. Na hatua tatu nyuma yake, taratibu, kwa adabu zote, yuko Rajabu.

Nikakimbia kuzunguka ukuta ili nikashuhudie aibu. Radi aliingia, akafunga mlango. Rajabu akasimama nje, mikono nyuma. Mlango ukafunguka kidogo na jicho likachungulia.

"We, vipi?"

"Salama, kaka," Rajabu akajibu. "Endelea tu, usiwe na haraka. Nipo."

"Upo unafanya nini?"

"Nimeambiwa nisikuache."

"Na nani?"

"Na mzee."

Nyinyi mnaoujua mpira wetu mmeshaelewa. Rajabu kwa kusema mzee alimaanisha baba yangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi anakaza kamba. Lakini mpirani enzi zile ukisema mzee, tena siku ya mechi, tena kwa sauti ya upole namna ile, mtu anaelewa mzee mmoja tu, yule mganga mwenye tunguri. Radi akaurudisha mlango kidogo. Halafu akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua:

"Huyo mzee… amesemaje?"

"Amesema wewe ni wangu," Rajabu akamjibu kwa unyenyekevu.

Jamani. Radi alitoka mle ndani kaptura haijakaa sawa, akaangalia chini alipokanyaga, akarudi akazifuta nyayo zake kwa kiatu zisije zikachukuliwa akarogwa, kisha akaondoka mbio akipita mbali na kijana wetu. Rajabu akamfuata, maana ndivyo alivyoagizwa.

Kipindi cha pili sijaona tena mpira wa namna ile. Rajabu akisogea kushoto, Radi anahamia kulia mpaka anatoka nje ya mstari. Akipewa pasi anaiacha ipite kama kaa la moto. Dakika kumi za kocha zikaisha, zikaisha nyingine kumi, na Radi mwenyewe akaomba atolewe, akionyesha tumbo. Wenzake bila yeye walikuwa kondoo. Tukafunga la pili karibu na mwisho. Baba hakuingia. Alifungua zile kamba, akavua viatu vyote viwili, akaviweka pembeni ya benchi.

Habari ya chooni ilikuwa imeshazagaa uwanja mzima kabla ya filimbi ya mwisho, na watu wakambeba Rajabu wakiimba "Mpaka Chooni! Mpaka Chooni!" Jina lile halikumtoka tena. Nasikia hata siku ya harusi yake shehe aliteleza akalitaja.

Nilikuwa najikausha nyuma ya mama tunaelekea nyumbani, Rajabu akamgeukia baba na uso uliojaa shukrani. "Mzee, bila huyu dada Skola nisingeweza. Mimi nilidhani ni maneno tu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba wewe huwa unasimama mlangoni."

Baba akanitazama. Hakusema kitu njia nzima. Kwetu baba asiyesema alikuwa anatisha kuliko anayefoka, na nilianza kuhesabu fimbo za mpera zilizobaki uani.

Tulipofika akaniita nyuma ya nyumba. Akakaa kwenye kigoda, akapandisha suruali, akafungua bandeji ya goti. Sikuwahi kuliona lile goti bila bandeji. Lilikuwa limevimba na halikuwa na umbo la goti.

"Weka mkono," akasema. Nikaweka. Akalikunja taratibu na nikasikia mifupa inasagana chini ya kiganja changu.

"Kila Jumapili naingia pale nikimwomba Mungu lisikatike leo," akasema. "Miaka miwili nimemwomba kocha aniletee mtu wa kunipokea. Ameletwa, na wewe ukataka kumfukuza."

Nikalia. Nililia kwa sauti, kwa aibu, na kwa lile goti. Nikamwambia nilitaka abaki tu, awe Komeo.

Baba akaanza kutikisika mabega, nikadhani naye analia. Kumbe anacheka. "Mpaka chooni!" akasema, machozi yanamtoka. "Ee mwana we, Skola! Miaka kumi na nne nacheza, sijawahi kufikiria kumfuata hata mtu mmoja chooni. Wewe ungetufaa kuliko sisi wote. Ulikuwa unanikaba mimi nisitoke." Akanivuta kwake, ananuka jasho na mafuta ya kuchua, na hakuniambia niache kulia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda uwanjani pamoja, tukakaa kwenye nyasi pamoja na watu wengine. Kumbe baba alikuwa shabiki mbaya kupita wote. Alimtukana refa kwa Kingoni, alisimama mbele ya watu, alinisukuma kila Rajabu alipofunga njia, akisema, "Umeona? Umeona kiuno?" Alininunulia karanga tukala kwenye karatasi moja. Na mimi, mtoto niliyekuwa naingia bure miaka yote kwa jina lake, nikagundua kwamba sijawahi hata siku moja kuangalia mpira nimekaa na baba yangu. Nilikuwa namwona mgongo tu, namba tano, mbali kule. Tukaendelea hivyo kila Jumapili, na ile ndiyo misimu niliyomjua.

Haikudumu. Shirika liliuzwa, timu ikafa nalo, na ghala ambalo baba alikuwa karani wake sasa linauza vipuri vya bodaboda. Rajabu alirudi kwao, akafungua duka. Baba tulimzika kwa amani, mtu mzima na fimbo yake.

Mimi sasa nina kijana wa miaka kumi na moja. Anawajua mabeki wote wa Ulaya, anajua nani ameuzwa wapi na nani ana mkataba, ingawa mwenyewe hajawahi kuzuia hata kuku. Jumapili tunakaa kochi moja, luninga kubwa ukutani, mimi sina mechi ya kucheza, niko pale tangu mwanzo mpaka mwisho. Juzi nikamwuliza timu ipi ni ipi. "Subiri, mama," akaniambia, macho kwenye simu. Nikamsubiri mpaka mapumziko, nikamsubiri na kipindi cha pili, na mpira ukaisha sijui nani kashinda.