Kopo la Mvua na Masuku ya Mama Mkwe

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, nisije nikasingiziwa mwingine. Nilimpelekea mama mkwe wangu beseni la masuku mabichi, nikayafunika juu kwa kumi na moja yaliyoiva, nikaamini kwamba mwanamke aliyekulia chini ya misuku hatatia mkono mpaka chini.

Mke wangu alikuwa ameenda kwao, milimani upande wa Fizi, wiki mbili kabla. Sikumfukuza wala hatukugombana. Alichoka tu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wa Baraka wengine huenda ziwani, wengine huenda Lulimba kutafuta dhahabu, mimi huenda barazani. Kaka yake alipooa, nilisema mvua itanyesha. Shangazi yake alipougua, nilisema barabara ina matope. Siku hiyo alifunga vitenge vyake, akasema bila kupandisha sauti, "Mi naenda kwa mama. Kama unanitaka, utakuya na miguu yako, na masuku ya mama mu mukono."

Kwao masuku si zawadi ya mchezo. Kila mwaka mkwe hupeleka ya kwanza, na huyaokota yeye mwenyewe, chini. Hayachumwi, na mti hautikiswi: tunda lililoanguka lenyewe ndilo lililokubali kuliwa. Miaka yote hiyo nilikuwa namtuma mtu wa pikipiki aniokotee, mimi nachangia salamu. Mke wangu alijua, akaniwekea hesabu.

Sasa, mimi nina elimu. Nilimaliza sekondari, nikatoka na mapenzi ya biolojia na kaye moja, daftari la mistari ambalo halikujaa. Uani nilikuwa nimetega kopo la maziwa ya unga, nimelibana kwa mawe, nipime mvua. Kila asubuhi, baada ya chai, natia rula ndani ya kopo, naandika. Katika miezi ya mvua kubwa, misuku inapotoa maua, kuna siku mabati yalipiga kelele mpaka mimi na mke wangu tukaongea kwa mikono kama mabubu. Asubuhi kopo lina vidole viwili tu vya maji. Nikaandika vidole viwili. Mabati hupenda kutia chumvi, nikajiambia, rula haitii.

Kwa hiyo kaye yangu ilisema: mvua ya kawaida, maua ya kawaida, masuku yataanguka Novemba kama kila mwaka. Jirani yangu, mama mmoja wa Kibembe anayelima kule mlimani na kufuga bata hapa chini, alinikuta natafuta beseni.

"Unaenda wapi na beseni, jirani?"

"Kuokota masuku."

"Masuku gani? Mvua ilipiga maua yote mu mwezi wa tatu. Kule juu miti iko mitupu."

Nikamfungulia kaye. Nikamwonyesha mwezi wa tatu, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Aliitazama kaye kwa heshima, kisha akanitazama mimi bila ile heshima.

"Basi wende. Kaye itakupa matunda."

Pikipiki ilinifikisha barabara ilipoishia, nikapanda kwa miguu saa nzima, mimi ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani. Misuku mitatu ya kwanza haikuwa na kitu. Wa nne ulikuwa na matunda ya kijani, magumu, na kwenye tawi hilohilo maua mapya, kama mwanafunzi aliyekuja shule siku ya likizo. Chini niliokota kumi na moja. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikautikisa mti.

Mama mkwe alinipa kiti na maji ya kunywa. Akala suku moja la juu, akalisifu. Halafu mkono wake ukazama ndani ya beseni mpaka kwenye kiwiko.

"Mukwe, hii uliokota?"

"Niliokota, mama."

"Chini ya muti, ao juu yake?"

Nyuma yake mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanacheza. Mama mkwe akachukua tunda la kijani, akaligonga kwenye benchi. Ko, ko. Mbwa akaamka.

"Maua ya kwanza mvua ilimwanga yote," akasema. "Hii ni ya maua ya pili. Itaiva mu Desemba, na itakuwa kidogo. Miti yenyewe haijue tena mwezi, we ulijulia wapi? Mutoto wangu hawezi kurudi na mawe. Utakuya tena. Na usitume mutu."

Nikashuka peke yangu. Nyumba ilikuwa kimya hata chai haikuwa na ladha, na sababu si majani.

Nilipanda kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza magoti yalinitukana. Ya pili nilijua ni misuku ipi ilifichwa na bonde, mvua isipige sana. Ya tatu nilikaa chini ya mmojawapo, mikono mapajani, nikiutazama kama mdeni wangu. Ya nne, Desemba imeshaingia, nilisikia kitu kinaanguka nyuma yangu, pu. Kisha kingine. Niliokota mpaka mgongo ukakataa, nikapata nusu beseni, maana miti haikuwa na zaidi ya hapo.

Mama mkwe akatia mkono mpaka chini. Akautoa, akaunusa. Mke wangu akaanza kufunga vitenge vyake.

Tuliporudi Baraka nililirudisha kopo mahali pake na kufungua ukurasa mpya. Jirani akaja kumsalimia mke wangu, bata wake wakimfuata kama kawaida. Nikamwambia bado sielewi kaye yangu ilikosea wapi, maana kila asubuhi nilipima kwa uaminifu. Akalitazama kopo, akanitazama mimi.

"Jirani, bata zangu ndiyo zilikuwa zinakunywa mu ile kopo kila asubui, we ukiwa bado unalala. Mi nilizani unaziwekea maji."