Sokwe wa Bibi

Juzi nilirudi Mbuba kwa bibi, na mwanangu wa miaka minne mgongoni. Nilipoingia uani nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo, rafiki yangu, kama zamani.

Pale ndipo nilipojifunza kusema. Baada ya shule tulikaa mkekani tukipukuchua maharage, ndizi zikichemka jikoni. Bibi, mzaliwa wa Burundi, alitega vitendawili kwa Kirundi. Alianza kwa kupaza sauti, "Sokwe!" Sisi wajukuu tukaitikia, "Niruze!" kama wengine wanavyoitikia "Tega!". Mwalimu aliponifundisha kwamba kwa Kiswahili sokwe ni mnyama wa porini, nilimcheka bibi wiki nzima. Alinifinya sikio, akaendelea kutega. Tulibishana na kukosea, tukaambiwa tuna vichwa vya maboga. Aliyeshindwa alipewa kapu la mwenzake amalizie.

Mwanangu hasemi. Ana maneno matatu tu, na moja ni "chaji". Mimi ni fundi cherehani mjini Ngara. Alipoanza kutambaa nilimpa simu ili nishone kwa amani. Alitulia kweli, na mimi mpumbavu nikajisifu kwa wateja kwamba nina mtoto mpole. Siku hizi ni katuni ya sokwe, asubuhi hadi jioni. Nesi wa kliniki aliponiuliza anashika simu muda gani, nilidanganya: "Kidogo tu." Akasema masikio yake ni mazima, anachokosa ni watu wa kuongea naye. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndiyo maana nilimpeleka kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mbona hanisalimii?"

Nilimweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Alitandika mkeka, akamkalisha mtoto kando yake, akamjazia maharage mikononi, kisha akaita kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Sokwe!"

Mwanangu akainua uso! Nilishika mdomo kwa furaha. Akamwaga maharage, akachomoa simu kwenye mkoba wangu, akamnyooshea bibi amfungulie katuni yake.

Bibi siku hizi haoni vizuri. Alitega sikio, akangoja. "Amejibu?" akaniuliza.

Wenzangu wa mkeka ule wote wametawanyika, na uani hapakuwa na sauti nyingine ya kumjibu. Niliokota maharage yale, nikaitikia mwenyewe, "Niruze."

Bibi akatabasamu, akampapasa mtoto kichwani. Alidhani ni yeye.