Jinsi Nilivyoziba Mashua ya Mjomba kwa Pamba ya Nyumbani

Ukoo wetu haujui maji. Mjomba wangu alipouza ng'ombe wanne kule Sola na kununua mashua ya tanga iliyochoka huko Kalemela, kando ya ziwa, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuogelea mahali pakubwa kuliko lambo la kunyweshea mifugo. Bibi aliuliza kama mashua inazaa. Alipoambiwa haizai, akaenda kuhesabu ng'ombe waliobaki.

Kwa maneno, mpango ulikuwa mtamu. Mjomba na anti, mke wake, wangehamia humo ndani, wapakie mchele na unga, wazunguke mwalo kwa mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa, wakiwauzia wavuvi, na kila wanapotia nanga anti apike chakula cha kuuza. Mimi, kidato cha tatu, niliahidiwa siku za mwisho za likizo ya Juni niwe baharia. Kikwazo kilikuwa anti. Bila mapishi yake hakuna safari, na alitoa sharti lake sebuleni kwetu Somanda, mkono kiunoni:

"Nitakuja kupika ugali humo mchana mmoja. Maji yakinigusa unyayo, baba watoto, unaiuza, tunarudi kulima."

Mjomba akakubali haraka mno. Kisha akanivuta nje.

"Mjomba," akaniambia, maana yeye huniita mjomba na mimi namwita mjomba, "wewe ndiye msomi. Ifanye hii kitu ikalike. Ila hela hakuna."

Hela hakuna. Nikaokoteza. Nilikata debe nusu, nikalijaza mchanga, nikaweka jiko la mkaa juu yake ili kaa likianguka lisikutane na mbao. Unga na sukari nikavihamishia kwenye ndoo za rangi zenye vifuniko, kwa sababu kwenye mashua kitu chochote kilichowekwa chini kinakunywa maji, hata kama hakina kiu. Chandarua kilichotoboka nikakishona, nikakining'iniza chini ya turubai la nyuma, humo tukaweka vitunguu, nyanya na nguo. Kinachoning'inia hakiloi wala hakibiringiki. Matundu ya tanga nikayatia viraka vya mifuko ya mbolea, kwa hiyo upepo ukivuma mwalo mzima unasoma kwamba sisi ni kilo hamsini.

Kilichonichosha si kazi, ni mjomba. Kila nilichotengeneza alikipinga. Chandarua alisema ni cha kuvulia wachawi. Debe la mchanga alisema mchanga uko nje tele, wa nini ndani? Halafu kesho yake namkuta anawaonyesha wavuvi: "Hapa nilifikiria, nikaona tuweke mchanga." Alifikiria nani?

Ikabaki kuziba nyufa. Fundi wa mashua pale mwaloni, mzee mmoja mwenye maneno machache na patasi nyingi, alisema pamba yote ya zamani kati ya mbao imeoza, itolewe, iwekwe mpya. "Pamba ya dukani ghali," akasema, "lakini nyinyi si ndio wenye pamba?" Mjomba akaleta gunia kutoka nyumbani, pamba fifi, ile chafu iliyokataliwa kwenye mizani. Fundi akanipa maelekezo: toa mbegu zote, sokota pamba iwe kamba, igonge kwenye ufa kwa patasi butu, kisha nje paka lami. Akaondoka kwenda kazi nyingine.

Aliyewahi kutoa mbegu za pamba kwa vidole anajua ninachosema. Ile mbegu imeng'ang'ania nyuzi kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Nilichambua kutwa nzima, nikapata kifurushi cha ukubwa wa paka. Gunia lilikuwa na ukubwa wa ndama. Nikapiga mahesabu yangu. Nyufa za juu, zinazoonekana na watu, nikaziba kwa pamba safi. Za chini, zinazofichwa na mbao za sakafu, nikasokota pamba na mbegu zake, nikagonga. Nani atainama huko?

Mjomba akapaka lami kwa nje, tukaisukuma majini. Haikuvuja. Siku kumi na mbili sakafu kavu kabisa! Wavuvi wakaanza kuniita injinia, na mimi nikaanza kuitika.

Anti alikuja Alhamisi na bodaboda, amebeba sufuria na mwiko wake mwenyewe, kwa sababu hatuamini. Akavua viatu, akapanda. Aligusa debe la mchanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwenye chandarua akasema, "Hiki kizuri."

"Niliona bora tuning'inize," akajibu mjomba.

Nikachochea mkaa.

Maji yalipoanza kuchemka, anti akagonga sakafu kwa kisigino. "Hizi mbao zinafunguka?" Kabla hatujajibu ameshainua mbili. Akachungulia muda mrefu.

"Baba watoto."

"Naam."

"Njoo uone shamba lako."

Kwenye ufa mrefu wa chini, kutoka mbele mpaka nyuma, pamba ilikuwa imeota. Miche myembamba, ya manjano kwa kukosa jua, kila mmoja na majani mawili, imenyooka kwenye mstari kama imepandwa kwa kamba ya bwana shamba. Kila mzizi ulipojisukuma ulikuwa umetoa pamba nje, na maji ya ziwa yalikuwa yanaingia polepole. Anti akashuka humo peku. Yakamfika kwenye kifundo cha mguu.

Nikajaribu. "Anti, angalau nafasi kati ya mche na mche iko sahihi."

Hakucheka mtu, isipokuwa mvuvi wa mtumbwi wa jirani, ambaye ilibidi akae chini.

Mjomba hakunigombeza. Aliweka kiganja kwenye mlingoti, vilevile alivyoweka kwenye nundu ya dume, mmoja wa wale ng'ombe wanne, siku ya mnada, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Nitaiuza."

Afadhali angenipiga. "Siyo mbao," nikasema. "Mbao nzima. Ni mimi, sikutoa mbegu."

Anti aling'oa mche mmoja, akautazama mizizi. "Ulitoa zipi?"

"Za juu."

"Zinazoonekana."

"Ndiyo."

Akaepua sufuria, akamwaga maji ya ugali ziwani. "Mimi nilisema iuzwe kama ni mbovu," akamwambia mume wake. "Hii si mbovu, imezibwa na mvivu. Ipandishe nchi kavu." Kisha akanigeukia. "Na wewe lete gunia."

"Anti, shule inafunguliwa Jumatatu. Siku zangu za safari..."

"Lete gunia."

Siku tatu tulikaa mchangani, tunachokonoa nyufa na kuchambua pamba. Anti anachambua vifurushi vitatu mimi nachambua kimoja. Ubaharia wangu wote ulikuwa huo. Jumapili nikapakiwa kwenye bodaboda, vidole vyeusi kwa lami. Jumanne wakaondoka bila mimi, huku mimi niko darasani nasikiliza mambo ya pembetatu.

Jumamosi iliyofuata mjomba alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama. Upepo ulikuwa mwingi, yeye anasikika nusunusu, lakini nyuma yake sauti ya anti ilisikika vizuri kabisa ikimwambia mtu kwamba chapati zimeisha, aje kesho mapema. Nikaurudia ujumbe mara tatu. Mdogo wangu wa kike akaja kukaa karibu.

"Kaka, na wewe ulisafiri na mashua mpaka wapi?"

Nikamwambia atoe mguu wake kwenye begi langu.