Punje Mbili Tangu Yesu

Nilitoka Masisi kwenda kuolewa Itebero nikiwa na mimba ya miezi mitano na kikapu cha maharagi. Mimba wakwe zangu waliikubali upesi. Maharagi waliyacheka. "Mbegu ya milima," alisema mama mukwe, "huku utaipanda wapi? Juu ya muti?" Msitu umetuzunguka pande zote, mvua haipumziki, na ni kweli, msimu wa kwanza karibu yote yalioza. Nikachagua punje zilizopona, nikapanda tena. Msimu wa tatu udongo ukakubali. Binti yangu sasa ana miaka saba, na yale maharagi yana umri wake.

Mama yangu alinifundisha kwamba mbegu huchanganywa na majivu, huwekwa juu ya moshi wa jiko, na kikapu hakimwagwi chote shambani. Nusu inabaki, hata mvua iwe nzuri namna gani.

Kikapu hicho ndicho mama mukwe alitaka kukipika, kwa sababu dunia ilikuwa inaisha.

Habari ililetwa na mhubiri kijana, kwa pikipiki, kutoka upande wa Mubi. Alikuwa na megafoni na sauti nzuri, sikatai. Alisema kabla mwezi wa tisa haujamalizika mbingu itakunjwa kama mkeka, na atakayekutwa na akiba nyumbani atakuwa ameonyesha kwamba hamwamini Mungu. Akapanga siku tatu za maombi, na siku ya tatu kila nyumba ilete chakula chote, tule pamoja, tungoje. Watu wakakubali. Siwacheki. Ukishakimbia vita mara tatu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, mwisho unaweza kufanana na pumziko. Lakini mwezi wa tisa kwetu ni mwezi wa kupanda, na akiba iliyokuwa nyumbani ilikuwa mbegu. Nyumba moja baada ya nyingine nikaona karanga zinashushwa, mahindi yanashushwa.

Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, naimba kwaya. Siku ile nilinyoosha mkono.

"Papa muhubiri, utarudia huku kwetu lini?"

Akafungua kidaftari chake. "Mwezi wa kumi na mbili, mama. Kuko seminari ya vijana."

Wanawake wawili nyuma yangu wakacheka kwa pua. Yeye hakuona kitu. Mama mukwe alinifinya mkono mpaka alama ikabaki.

Mume wangu alikuwa Rubaya, kwenye mashimo ya madini ya koltani, na simu yake haikupatikana. Kwa hiyo mwenye neno la mwisho nyumbani alikuwa mama yake.

"Kesho tunapika kile kikapu," alisema tulipofika.

"Mama, kile hakitapikwa."

"Nilishaahidi mbele ya kanisa. Unataka nisimame kule na sufuria ya majani ya muhogo?"

"Simama nayo. Sombe nayo njo chakula."

"Iyi kiburi ya milima," akasema, "siku bengine banapaa, weye utabakia hapa unapalilia."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumjibu, na jibu lenyewe halikuwa la heshima, ndipo nilipomwona binti yangu. Amekaa mlangoni, daftari la shule limefungwa juu ya magoti.

"Mama, kama mbingu inaisha, hesabu ya mara saba nitajifunza ya nini?"

Nimekasirika mara nyingi katika maisha yangu, kwa wenye bunduki na kwa wenye karatasi. Lakini hasira ya siku ile haikuwa na ndugu. Mtoto wa miaka saba alikuwa amepewa sababu ya kuacha, na amepewa kwa megafoni.

Nikakaa chini karibu naye. Akanionyesha juu. Mbingu ya Itebero ni tundu tu katikati ya miti, na yeye hajawahi kuona nyingine. Kitu kidogo hivyo, kwa nini kisikunjwe?

Nikamwambia habari za kwetu. Masisi unapanda mlima mpaka pumzi inakata, unadhani ukifika juu utaona mwisho, unakuta mlima mwingine. Unapanda na huo. Tukiwa sekondari, mwanafunzi mmoja alimuuliza mwalimu wa fizikia kama ulimwengu nao uko hivyo, ao una mwisho. Mwalimu akatazama milima dirishani. Kisha akasema, "Andikeni: haijulikani." Tukaandika. Katika miaka yote ya shule, hilo ndilo jibu pekee nililopewa bila kudanganywa.

Alituambia na mengine. Kwamba nyota ziko makundi makundi, na makundi hayo yanaachana, kama watu wanaotoka sokoni jioni, kila mmoja kwenye mlima wake. Labda wataendelea kwenda mpaka asiwepo wa kumsikia mwenzake akiita, na mioto yao izimike mmoja mmoja kwa baridi. Labda siku moja watageuka wote, warudi sokoni.

"Mi napenda barudi," binti yangu akasema.

"Hata mimi. Lakini hawatatuuliza."

"Ni lini?"

Hapo nikaona maneno hayatoshi.

Asubuhi nikashusha kikapu. Mama mukwe alidhani nimeshindwa. Akaweka sufuria ya maji juu ya moto, akaongeza kuni. Mimi nikachota kopo moja, nikamwaga kwenye ungo mbele ya mtoto.

"Punje moja ni miaka elfu moja. Weka pembeni miaka tangu Yesu azaliwe mpaka leo."

Akatenga moja. Akatenga ya pili. Akapeleka mkono kwenye ya tatu.

"Acha. Imetosha. Sisi tuko hapa."

Mama mukwe akageuka na kuni mkononi. "Mbili?"

"Mbili, mama."

"Mbili tu? Tangu Yesu?" Akasogea. "Na Musa?"

"Ongeza moja na kipande."

"Na Adamu?"

Nikamtazama. Sikutaka kushinda vita moja nikaanzishe nyingine. "Adamu tumuache apumzike, mama."

Akaguna, lakini hakurudi jikoni. Nikamwambia mtoto kwamba jua letu, walivyolipima wenye kupima, limebakiza miaka miliari tano hivi, yaani milioni elfu tano, kabla halijachoka. Atafute ni punje ngapi. Akafungua daftari. Alihesabu kopo lile mpaka kidole kikawa cheusi kwa majivu: punje elfu moja na chache. Tukaziacha zile chache. Nikamwonyesha sifuri za kukata, kalamu ikaenda, ikafutwa, ikaenda tena. Kopo elfu tano.

"Gunia moja inaingia kopo mia mbili na makumi tano," mama mukwe akasema. Aliuza mchele Mubi miaka mingi, hayo hafundishwi na mtu.

Mtoto akahesabu. "Gunia makumi mbili, tate."

Tate ndivyo anavyomwita bibi yake. Maji yalikuwa yanachemka. Mama mukwe aliokota zile punje mbili, akaziweka kwenye kiganja, akazitazama kama mtu anayetafuta wadudu.

"Gunia makumi mbili mbele," akasema polepole, "na nyuma, mbili. Na jua ikisha choka?"

"Haijulikani, mama. Nyota nyingine zitakuwa zinawaka bado."

"Mungu iko mulimaji," akasema, na sikujua anasema na nani. "Mulimaji hawezi toka mu shamba siku ya kupalilia." Kisha akanigeukia, sauti ileile ya kila siku. "Unakaa nini? Enda uchume sombe, maji inaisha."

Siku ya tatu alisimama kanisani na sufuria yake ya majani. Walimtazama. Naye aliwatazama.

Tulipanda nusu ya kikapu, nusu ikarudi kwenye moshi. Siku ya mwisho ya mwezi wa tisa ilipofika tulikuwa shambani, maharagi yameshatoa majani mawili mawili, na binti yangu anaimba mara saba kwa kufuata jembe. Jioni mbingu ilikuwa pale kwenye tundu lake.

Wiki iliyofuata majirani wakaanza kuja, mmoja mmoja, macho chini. Mvua ilikuwa bado nzuri, hawakuwa na cha kutia ardhini. Nakiri, nilitaka kuwaambia wamwendee mwenye megafoni. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Mama mukwe alinitangulia. Alishusha kikapu yeye mwenyewe, akachota kopo, akalipangusa juu kwa kiganja ili lisizidi wala kupungua, akammiminia wa kwanza kwenye kitenge.

"Beba. Iyi ni miaka milioni moja."

Yule mama akacheka bila kuelewa.

"Usicheke. Uliza huyu mutoto, alihesabu. Na ukipika hata punje moja, nitasikia harufu."